Utabiri wa Hali ya Hewa ya Anga za Juu: Uuzwe au Ubaki Mali ya Umma?

MTOA MADA

Jua linaporusha mawingu ya chembe zenye umeme na kuitikisa sumaku ya dunia, gridi za umeme, redio za masafa mafupi na setilaiti hupata misukosuko. Kituo cha Marekani kilichoko Boulder, Colorado, hutoa tahadhari za dhoruba hizo bure kwa dunia nzima, na Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, nayo ina wataalamu wanaokesha kwa kazi hiyo tangu mwaka 2014. Pembeni mwao limekua soko la kampuni zinazouza utabiri kwa wenye setilaiti, mashirika ya ndege na wasambazaji wa umeme, na sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2020 imeruhusu serikali yenyewe kununua, kwa majaribio, vipimo vya kampuni binafsi. Ninaloliuliza ni mpaka wa soko hili uwekwe wapi.

Msimamo wangu ni kwamba vipimo na tahadhari visiuzwe. Usiku wa manane wa tarehe 13 Machi 1989, gridi ya Quebec nchini Kanada iliporomoka ndani ya sekunde 90 hivi, na watu wapatao milioni 6 wakakaa bila umeme kwa takriban saa tisa. Walioumia ni watu wa majumbani, katika baridi ya huko, na hakuna hata mmoja wao ambaye angekuwa mteja wa kampuni ya utabiri.

Isitoshe, kampuni hizo hazikuanza na mikono mitupu. Vyombo vya ACE na DSCOVR, vilivyorushwa mwaka 1997 na 2015 kwenda kupima upepo wa jua umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ambako dhoruba huonekana kati ya dakika 15 na saa moja kabla haijatufikia, viligharimiwa na walipakodi. Hofu yangu ni siku ambayo vipimo vya namna hiyo vitatoka kwenye chombo cha kampuni, kwa leseni inayomruhusu mnunuzi kuvisoma lakini inamkataza kuvigawa, kwa maana siku hiyo nchi isiyo na fungu itapata habari za dhoruba ikiwa imekwisha kupita.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambao juu yake sumaku ya dunia hulala sambamba na ardhi, inapita juu ya Ethiopia, na katika ukanda wake, baada ya jua kutua, ionosifia, yaani tabaka la hewa ya juu lenye chembe za umeme, hufanya mapovu yanayoyumbisha mawimbi ya GPS hata siku ambayo hakuna dhoruba yoyote. Kipimo cha Kp, yaani namba ya kuonyesha ukubwa wa msukosuko wa sumaku ya dunia, ambacho tahadhari nyingi za dunia hukitegemea, hukokotolewa kutoka vituo 13, na hakuna hata kimoja kilichopo Afrika. Soko halitatuzibia pengo hili, kwa sababu mtaji huenda waliko wateja wenye fedha.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa mada, nakubaliana nawe kuhusu vipimo, lakini tahadhari ya bure peke yake haitoshi. Mwezi Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink, mtandao wake wa intaneti, na nyingi kati ya hizo zikapotea kwa sababu dhoruba ambayo wala haikuwa kubwa ilipasha joto hewa ya juu, ikanenepa na kuzivuta chini. Habari ya dhoruba ilikuwa hadharani. Kilichokosekana ni mtu wa kueleza maana yake kwa chombo kilichoko kilomita 210 tu juu ya ardhi, na sioni serikali ikiajiri mtaalamu kwa ajili ya kila mwenye setilaiti. Ukipiga marufuku biashara katika utabiri, utawanyima watu hao huduma wanayoweza kuilipia.

MTOA MADA

Ahsante, ndugu yangu. Hapo umenirekebisha, nami naondoa kauli yoyote iliyoonekana kuzuia uuzaji wa tafsiri, kwani mwenye setilaiti ana haki ya kumlipa mshauri. Ninachoshikilia ni kwamba mshauri huyo asimiliki kipimo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliingiza hali ya hewa ya anga za juu katika sera yake ya kugawana takwimu mwaka 2021, na Afrika Kusini imeonyesha, kwa kituo chake cha Hermanus kinachofanya kazi saa 24, kwamba bara hili linaweza kujitabiria. Huku kwetu vipokezi vya GPS vya kudumu, ambavyo huonyesha mawimbi yanavyoyumbishwa na ionosifia, tayari vipo, na vipimo vya kile cha Malindi hugawiwa bure. Ningependa kusikia kutoka kwa wapima ardhi walioko humu iwapo vipokezi vya idara zao navyo vinaweza kufunguliwa, vikasomwa na mamlaka zetu za hali ya hewa kila jioni.