Wenye nyumba za kupangisha mliowahi kushtakiwa, tupeane uzoefu

Mdau wa Pango: Wadau, juzi mwenzangu kapokea wito wa mahakama, mpangaji aliyehama anadai amana yake yote, ile pesa aliyoiweka alipoingia. Mwenzangu hana hata picha moja ya hali ya nyumba siku mpangaji alipoingia. Mlioburutwa mahakamani, ilikuwaje na nini kiliwaokoa?

Mama Vyumba: Amana imetutesa wengi. Siku hizi napita na mpangaji chumba kwa chumba, picha zinapigwa, karatasi tunasaini wote wawili. Akihama tunarudia.

Ghorofa ya Pili: Ya kwangu ilikuwa ngazi. Mgeni wa mpangaji alishika kishikio kikang'oka, akaanguka, nyonga ikavunjika. Jengo ni la kampuni yetu, mimi na mshirika wangu, kwa hiyo nilitulia nikijua kampuni ndiyo itakayobeba. Hati ya madai ikaja na majina matatu: kampuni, mimi, na yeye.

Wakili wetu alijipanga na Salomon, ile kesi ya Uingereza ya 1897, kwamba kampuni ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Basi wa upande wa pili akaomba taarifa za benki. Jamani! Ada za watoto wa mshirika wangu, mafuta ya gari lake, makochi ya sebuleni kwake, vyote vimelipwa kwa kodi za wapangaji. Wakili akauliza, "Kampuni hii na mfuko wa suruali ya huyu bwana vina tofauti gani?" Kisha akatoa ujumbe wa simu wa mpangaji: "Kishikio cha ngazi kinacheza, tafadhali kitengenezwe." Mshirika wangu alikuwa amejibu "Sawa," akaishia hapo. Mimi sikuwahi kuuona. Tulimalizana nje ya mahakama, nikauza kiwanja.

Mama Vyumba: Pole sana ndugu yangu. Mshirika alitoa nusu yake?

Ghorofa ya Pili: Hajatoa hadi leo. Hiyo nayo ni kesi, inaendelea.

Mkongwe: Ndiyo maana nasema kampuni ni kupoteza hela. Kata bima kubwa ya dhima, ile inayolipa mtu akikudai fidia, lala usingizi.

Hati Mkononi: Mkongwe usipotoshe watu. Bima ina kikomo, fidia ikizidi hapo inafuatwa mali yako. Na ukijaza fomu kwamba unaishi humo kumbe umepangisha, watakataa kulipa.

Mkongwe: Wewe benki ilipoikopesha kampuni yako hukusaini dhamana binafsi, kwamba kampuni ikishindwa utalipa wewe mwenyewe?

Hati Mkononi: Nilisaini, lakini hiyo ni kati yangu na benki. Aliyeanguka ngazini haimhusu.

Mkongwe: Na ukikikaza hicho kishikio kwa mikono yako kikang'oka? Utashtakiwa wewe kwa uzembe wako, kampuni iwepo isiwepo.

Hati Mkononi: Hapo sibishi. Ndiyo maana tuwe na vyote viwili.

Kijana wa Viwanja: Rahisi tu, hamishia nyumba kwa mke.

Mama Vyumba: Mwanangu, ukihamisha baada ya kushtakiwa ili kumkwepa anayekudai, mahakama inaweza kuubatilisha uhamisho huo. Utakuwa umejiongezea kesi.

Mpangaji wa Zamani: Naongea kwa upande wa pili. Kufuli lililobadilishwa nikiwa kazini ndilo lililonipeleka kwa wakili, wala si deni la kodi. Dai lako lipeleke mahakamani, usimtolee mtu vyombo nje.

Ghorofa ya Pili: Kweli kabisa.

Mdau wa Pango: Asanteni. Mwenzangu anasema anasubiri mpangaji apoe hasira. Ana muda gani?

Hati Mkononi: Asisubiri hata kidogo! Siku za kujibu zimeandikwa kwenye wito. Zikipita hajaleta utetezi, hukumu inaweza kutoka bila yeye kusikilizwa. Leo hii aende kwa wakili na mkataba, risiti ya amana na jumbe zote za simu, asifute hata mmoja.