Kuishusha Corolla AE100 kwa gharama nafuu

Swali: Ndugu zangu, ninataka kuishusha Corolla yangu ya AE100 (kupunguza kimo chake) nikiwa nyumbani, na fundi mmoja amenishauri nikate springi zilizopo badala ya kununua fupi. Je, ni salama?

Jibu: Ndugu, springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi kwa sababu mizunguko inayofanya kazi imepungua, ilhali shokapu ya zamani haikuundwa kuudhibiti ugumu huo, na gari likiruka tuta springi inaweza kuchomoka mahali pake. Kukata kwa moto ni kubaya zaidi, kwani joto huharibu chuma.

Jibu: Naongeza kwamba AE100 ina mfumo wa MacPherson (springi imezunguka shokapu, vyote kitu kimoja) mbele na nyuma, hivyo usiifungue nati ya juu ya shokapu kabla ya kuibana springi kwa kibanio imara, kwani springi ikifyatuka inaweza kuua. Ningeanza na bushi na shokapu mpya, kisha alaimenti (kunyoosha magurudumu).