Jazz haina tarehe wala wapigaji siku hizi? Hizi programu za muziki zimenichosha

Wakuu salaam. Leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Nalipia kila mwezi programu moja ya kusikilizia muziki. Jina naliacha, maana zote ni wale wale. Jana usiku nikaitafuta Mood Indigo ya Duke Ellington, yule kiongozi wa bendi ya jazz, ile ya 1930. Naitaka hiyo hiyo: pale mwanzo tarumbeta na tromboni zimezibwa midomo, zinanong'ona juu, halafu klarineti ya Barney Bigard imezama chini kabisa, mahali ambapo ungetegemea kuikuta tromboni. Mzee aliipindua bendi kichwa chini miguu juu.

Nikaletewa Mood Indigo lukuki, hii imeandikwa 2008, ile 2014, nyingine 2021. Ellington alifariki 1974! Hiyo ya 2014 aliirekodi akiwa wapi?

Nikabonyeza mojawapo, ikaenda dakika 15. Hapo nikajua ni ile ya Desemba 1950, LP (santuri za kupiga muda mrefu) zilipokuwa zimeshaingia na bendi hazibanwi tena na zile dakika tatu za upande mmoja wa santuri ya zamani ya 78 (mizunguko 78 kwa dakika). Tamu sana, sikatai, lakini sikuiagiza. Na anayeanza kusikiliza leo atajuaje? Ataondoka akiamini mwaka 1930 watu walikuwa wanarekodi robo saa bila kugeuza santuri.

Tuje kwa wapigaji. Fungua albamu ya Kind of Blue: "Miles Davis". Basi, imeisha hiyo. Wapiga saksafoni wake, Coltrane hayupo, Cannonball Adderley hayupo. Piano humo ni Bill Evans, isipokuwa Freddie Freeloader tu, ambayo kaipiga Wynton Kelly. Kuna dogo alinibishia hadi mishipa ya shingo ikamtoka kwamba ni Evans mwanzo mwisho, nami sina pa kumwonyesha. Zamani ungegeuza jalada ukamaliza ubishi.

Halafu albamu hiyo hiyo ina kisa. Siku ya kwanza ya kurekodi, Machi 2, 1959, mashine ya kanda ilikuwa inakwenda polepole kuliko kawaida, kwa hiyo ikipigwa kwa mwendo wa kawaida, upande wa kwanza wote ulitoka sauti imepanda kidogo. Ukarekebishwa miaka ya 1990. Niliyonayo kwenye simu ni ipi? Hawasemi. Kijana anayejifunza saksafoni anapiga sambamba nayo, haziingiani, anajilaumu masikio bure.

Msiniambie majina ni urembo tu. Wimbo wa Take Five kila mtu anasema ni wa mpiga piano Dave Brubeck, kumbe mtunzi ni Paul Desmond, mpiga saksafoni wake, ambaye mirabaha yake aliwaachia Msalaba Mwekundu wa Marekani. Jina linafuatana na pesa, wakuu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, aya nne, na tarehe nimeweka. Jibu: nifute programu niipakue upya.

Nimeifuta. Nimeipakua. Mood Indigo bado ni ya 2014.

Mwenye CD ya rekodi za Ellington za miaka ile, yenye kile kijitabu cha ndani, hata kama kasha limepasuka, anitafute PM. Na ninyi wa "kwani si wimbo ule ule", uzi huu piteni mbali.