Naomba ushauri: vitepe vya kupima kingamwili za TB kwenye damu, vitumike au viachwe?

Benchi_la_Maabara:
Wakuu, maabara yetu imeletewa vitepe vya kupima kingamwili za TB (za aina mbili, IgG na IgM). Unaweka tone la damu, jibu linatoka baada ya dakika chache, mgonjwa hahangaiki kutoa makohozi. Mstari wa pili ukijitokeza, naweza kuandika kwamba mgonjwa ana TB?

Darubini:
Hapana, na msivinunue. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2011 kwamba vipimo hivi visitumike kugundua TB, iwe ya mapafu au ya sehemu nyingine. India ikavipiga marufuku mwaka 2012.

Kasoro haiko kwenye kiwanda kimoja. Vimelea vya TB hukaa ndani ya seli za mwili, na wanaopambana navyo hasa ni seli T (aina ya seli nyeupe za damu), kwa hiyo kingamwili hazipandi na kushuka sambamba na ugonjwa. Aliyepona anaweza kubaki na IgG kwa muda mrefu. Aliyechanjwa BCG (chanjo ya TB), au aliyekutana na ndugu wa vimelea hivi wanaoishi kwenye maji na udongo, anaweza kuonyesha mstari akiwa mzima. Upande wa pili ndio hatari zaidi: mwenye VVU ambaye kinga imeshuka anaweza kuwa na TB kali na kitepe kisionyeshe kitu. Mnamrudisha nyumbani bila dawa, akiwa anaambukiza.

Benchi_la_Maabara:
Nimeelewa. Lakini QuantiFERON, kile kipimo kingine cha maambukizi ya TB, nayo si ya damu?

Plazima:
Ni ya damu ila haitafuti kingamwili. Inapima interferoni gama, kemikali ya kinga inayotolewa na seli T zikikutanishwa na protini za vimelea vya TB, ESAT-6 na CFP-10, ambazo hazimo kwenye chanjo ya BCG. Toleo la Plus lina tyubu nne: kijivu (Nil, isiyo na kichocheo), kijani (TB1) na njano (TB2) zenye protini hizo, na zambarau (Mitojeni, kichocheo cha kuhakikisha seli zinafanya kazi). Kila moja mililita 1, mpaka kwenye alama nyeusi. Tikisa mara 10 hadi damu iguse ukuta wote wa ndani, ila usizidishe nguvu, utaharibu jeli. Ndani ya saa 16 tangu kutoa damu ziwe zimeingia kwenye inkubeta, nyuzi 37, zikiwa wima, kwa saa 16 hadi 24. Msiziweke kwenye friji kabla ya hapo, maana mnazitaka seli zikiwa hai.

Jibu ni chanya iwapo TB1 au TB2, ukitoa Nil, inafika 0.35 IU/ml na pia si chini ya asilimia 25 ya Nil. TB1 na TB2 zikiwa hasi na Mitojeni ukitoa Nil ikawa chini ya 0.5, hilo si jibu hasi. Ni jibu lisiloamulika: kinga ya mgonjwa iko chini, au damu ilicheleweshwa, au haikutikiswa vizuri. Wengi wanaliandika "hasi", na hapo ndipo madhara huanzia.

Benchi_la_Maabara:
Ikiwa chanya, aanze dawa za TB?

Darubini:
Chanya inaonyesha maambukizi tu. Haitofautishi vimelea vilivyolala na ugonjwa wenyewe. Anayekohoa apimwe makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotafuta DNA ya vimelea: sehemu moja ya makohozi, mbili za kimiminika cha kipimo, tikisa kwa nguvu, subiri dakika 10, tikisa tena, subiri 5, kisha mililita 2 ziingie kwenye katriji. Mate matupu yarudisheni. Darubini huhitaji vimelea kama 5,000 hadi 10,000 kwa mililita. Katriji ya GeneXpert aina ya Ultra huona hata 16 hivi. Ila aliyemaliza dawa karibuni anaweza kutoa chanya kutokana na DNA ya vimelea vilivyokufa, kwa hiyo kwake ongezeni kuotesha vimelea maabara.

Plazima:
Na mwenye VVU aliye hoi asiyeweza kukohoa, tumieni kitepe cha LAM cha mkojo: mikrolita 60, someni baada ya dakika 25. Hicho kinatafuta kipande cha kimelea chenyewe. Kikiwa hasi, msiiondoe TB kwenye orodha.