Tautog wa kwenye mawe: jigi au chubwi? Naomba ushauri kabla sijanunua

MtangaUgenini: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi naenda dukani, mfukoni nina dola 200, nataka seti ya kuvulia tautog, yule samaki wa mawe wa huku Marekani. Nimebaki na mbili. Kwanza, fimbo nyepesi ya futi 7 na rili inayoning'inia chini, nitumie jigi, yaani ndoana yenye uzito kichwani. Pili, fimbo nzito na rili ya kukaa juu, mtindo wa chubwi na ndoana moja. Ipi?

ChubwiZito: Umeuliza bei ya shati bila kusema la mtoto au la mtu mzima. Unavulia botini au mwambani? Jimbo gani?

MamaKaa: Na mwezi gani? Rhode Island wanafunga uvuvi wa tautog Juni na Julai.

MtangaUgenini: Samahani wakuu. Ni hukohuko Rhode Island, nasimama mwambani, Beavertail na upande wa Point Judith. Boti sina. Oktoba hii.

KilifiKwetu: Basi jigi, maneno yameisha. Maji ya hapo mbele si marefu, nusu aunsi hadi aunsi moja yatosha. Jigi inatua chini na kaa wake kama vile kaa anatembea. Chubwi linaingia ufa wa jiwe, unakata, unafunga, unakata tena, mpaka jua litue.

ChubwiZito: Yameisha kwako. Mkondo ukikaza jigi inapeperuka kama karatasi. Mimi chubwi la aunsi 3 nalifunga kwa uzi dhaifu kuliko uzi mkuu. Likinasa linakatika peke yake, ndoana inarudi na samaki wake.

BabaWawili: Ngoja nikusimulie yangu. Msimu wa kwanza nilinunua fimbo laini ya bei poa, nikajaza nailoni ya ratili 15. Beavertail, maji yanajaa. Nikasikia ko, ko, kama mtu anagonga mlango kwa kucha. Nikavuta papo hapo, ndoana ikarudi na mguu mmoja wa kaa. Baadaye ndiyo nikaelewa: zile ko za kwanza ni meno ya mbele yanabana tu. Anamhamishia kaa kooni, kwenye meno ya kusagia, hapo ndipo unasikia uzito. Mara ya tatu nikavumilia, nikavuta, fimbo ikapinda mpaka mkononi. Bwana mkubwa akageuza kichwa, akaingia pangoni. Nailoni inavutika kama mpira, utamfanya nini? Nikamkumbuka mjomba wangu Pangani na chewa wake: legeza mshipi, mwache ajisahau, atatoka. Nikalegeza. Nikasogea hatua moja mbele, raba zikakanyaga ule mwani mweusi. Niliserereka mpaka kiunoni, goti limechanika, simu imekwenda, fimbo vipande viwili. Samaki mpaka leo yuko pangoni. Kwa hiyo, dola 60 za kwanza ni viatu vyenye misumari chini. Halafu uzi wa kusuka wa ratili 30 au 40, mwishoni unganisha futi tatu za nailoni nene.

MtangaUgenini: Pole sana kaka. Sasa zinabaki 140.

MamaKaa: Na chambo hujauliza! Usipeleke hela dukani. Maji yakipwa funua mawe, wale kaa wadogo wenye mistari miguuni wamejaa tele. Mzima mmoja kwenye jigi, basi.

ChubwiZito: Dagaa hao. Kaa wa kijani wa dukani, mpasue nusu, ng'oa miguu, harufu itoke. Samaki mkubwa humbembelezi kwa vidogo hivyo.

MamaKaa: Mwaka jana nani alikuja kuniomba hao "dagaa" ndoo yake ilipoisha?

KilifiKwetu: Mnagombania wageni. Wa kijani alitoka Ulaya, ameandikwa Massachusetts tangu 1817. Huyo wa mistari ni wa Asia, alionekana New Jersey 1988. Wahamiaji kama sisi tu.

PapaGoma: Bandugu, mimi niko Maine, huku kwetu hawa si wengi. Swali: anapikwaje? Ngozi yake ngumu kama kiatu.

MamaKaa: Chuna ngozi kabisa. Nyama nyeupe, haivunjiki kwenye nazi. Tui zito, ndimu, pilipili mbuzi moja nzima usiipasue.

BabaWawili: Ila pima kabla hujawaza nazi. Inchi 16 kwenda juu, na anayezidi 21 ni mmoja tu kwa siku. Mimi hata huyo mmoja namrudisha. Samaki anayeweza kupita miaka 30, anakua polepole, unamla jioni moja?

ChubwiZito: Nimeendesha gari saa mbili halafu nimrudishe? Sheria imeniruhusu, namla.

BabaWawili: Haya. Tutaonana mwambani.

MtangaUgenini: Wakuu, fimbo sasa? Duka linafungwa saa kumi na moja.

PapaGoma: Mama, tui la kopo linafaa au mpaka nikune nazi?