Kompyuta 20 zilizotumika, umeme wa kukatika: tuanze na nini?

MwalimuKasulu
Wakuu, habari za kazi. Shule yetu ya kata hapa Kasulu imepewa kompyuta 20 za mezani zilizotumika, RAM GB 4. Chumba kipo, umeme unakatika, intaneti ni ya bando la simu. Mkondo mmoja una wanafunzi 60. Nini kitangulie ili zisiishie kufunikwa vitambaa?

FundiUmeme
Mwalimu, kompyuta zibaki kwenye maboksi kwanza, shughulikieni umeme. Moja na skrini yake bapa hula kama wati 100, kwa hiyo zote ni wati 2,000. Msirundike ekstensheni juu ya ekstensheni. Maungio yanachemka, plastiki inayeyuka. Fundi avute saketi mbili mpya kutoka kwenye mainswichi, waya wa milimita za mraba 2.5, kila moja na breka ya ampea 16, kompyuta kumi kumi. Ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, ipimwe kwa kifaa, si kwa macho. Mtoto akigusa boksi la chuma akahisi kuwashwa kidoleni, ethi haipo au imekatika: zima chumba kizima.

Umeme ukikatika, zimeni ukutani. Ukirudi subirini dakika tano, kisha washeni safu kwa safu. Radi ikianza kunguruma chomoeni plagi kabisa, kuzima swichi hakutoshi.

Betri za kuendesha zote saa mbili? Hizo ni wati-saa 4,000. Betri ya asidi ya 12V 200Ah ina 2,400, ila usiishushe chini ya nusu, hivyo unapata 1,200. Zinatakiwa nne pamoja na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Kwa shule ya kata naona ni mapema mno.

Mtandao_Tabora
Naunga mkono. Fedha hiyo nunueni UPS moja (betri ya dharura) ya seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine, ipate muda wa kuzimwa taratibu.

Msitegemee bando. Seva iwe kompyuta yenye nguvu kuliko zote, wekeni diski ya SSD ya GB 500 na Kolibri, programu ya kusomea bila intaneti, ambayo ni bure. Masomo yapakuliwe mjini kwenye intaneti nzuri, yaletwe kwa diski ya nje. Nyingine ziunganishwe kwa kebo na swichi ya milango 24, wanafunzi wafungue kwenye kivinjari bila intaneti.

Mashine zilizotumika zina ugonjwa mmoja unaosumbua sana: betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa. Kila ikizimwa tarehe inarudi miaka nyuma, na siku mkipata intaneti tovuti zinagoma. Badilisheni zote 20 siku moja.

MwalimuKasulu
Asanteni sana. Na hao 60, wakae watatu watatu?

Mtandao_Tabora
Hapana, wa tatu hatagusa kibodi. Gaweni 30 kwa 30, wawili wawili kwenye mashine 15. Tano zilizobaki, moja ni seva, nne ni akiba ya vipuri. Ombeni vipindi viwili mfululizo, dakika 80, maana kuwasha na kuketi hula kumi. Kila dakika 15 wabadilishane kibodi. Na ufunguo wa chumba uwe na walimu wawili, si mkuu wa shule peke yake.