Jaa la taka bara ya Malindi: waliojiandikisha kwenye mkutano bado wana haki ya kupinga?

Mkulima wa Bara:
Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Kijijini kwetu, bara ya Malindi, si mbali na Mto Sabaki, vigingi vimepigwa katikati ya mikorosho na tumeambiwa kwamba hapo ndipo litakapokuwa jaa jipya la taka za mjini. Mkutano uliitishwa mara moja tu, watu wakaandika majina na nambari za vitambulisho, wakapewa soda, na sasa tunaelezwa kwamba karatasi ile ndiyo ridhaa yetu. Wazee wamegawanyika, maana wapo vijana walioahidiwa kazi. Je, mradi kama huu unaweza kuidhinishwa kwa mkutano mmoja? Na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ikishatoa leseni, ndiyo basi?

Mwana wa Amu:
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Jina kwenye orodha ya mahudhurio linaonyesha kwamba ulikuwapo, halionyeshi kwamba ulikubali, wala msikubali kutishwa kwa karatasi hiyo. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, mradi wa aina hii hauanzi bila tathmini ya athari za kimazingira, na kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na jamii itakayoathirika, atoe taarifa wiki moja kabla, abandike matangazo, atangaze gazetini na redioni, na maoni ya watu yanakiliwe pamoja na tafsiri zake. Wazee wakizungumza Kigiriama, hoja zao zinapaswa kuonekana ndani ya ripoti. Ripoti ikishafika NEMA, umma hualikwa tena kuisoma na kutoa maoni, na hapo ndipo wengi hulala.

Sisi huku Lamu tuliyaona hayo katika mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Kwasasi. Leseni ilitolewa mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya kuutambulisha mradi ilifanyika, lakini matokeo ya utafiti hayakurudishwa kwa watu wakayajadili. Kwa hivyo leseni si mwisho. Asiyeridhika ana siku 60 za kukata rufaa mbele ya jopo hilo, nanyi mkizipoteza kwa kubishana barazani mtakuwa mmejifungia mlango wenyewe.

Afisa Mstaafu:
Nitasema lisilopendeza. Taka za Malindi zitakwenda mahali fulani, na Katiba imezikabidhi serikali za kaunti kazi hiyo. Kupinga jaa kwa sababu ni jaa hakutawafikisha mbali. Ulizeni kuhusu mahali na namna. Jaa lililojengwa kitaalamu lina sakafu ya udongo mfinyanzi na utando mzito wa plastiki, lina mifereji ya kukusanya maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka, na taka hushindiliwa na kufunikwa kwa udongo mara kwa mara. Kinyume chake ni Dandora, Nairobi, iliyofunguliwa miaka ya 1970, ikatangazwa kujaa mwaka 2001, na malori yakaendelea kumwaga.

Kwenu suala zito ni maji. Visima vya Baricho, vinavyolisha Malindi, Kilifi hadi Mombasa, huvuta maji yaliyo chini ya mchanga wa Sabaki huohuo. Someni ripoti mwone kina cha maji ya ardhini kilipimwa msimu gani, kwa maana kipimo cha kiangazi peke yake hakisemi kitu kuhusu masika.

Mkulima wa Bara:
Ahsanteni sana. Hiyo ripoti yenyewe tutaipataje? Kila tukienda ofisini tunaambiwa tusubiri.

Bi. Mwanasheria:
Msiende kwa mdomo, kaka. Andikeni barua kwa NEMA na kwa kaunti mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayotaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Pamoja na ripoti, ombeni leseni na masharti yake iwapo imeshatolewa, kwa sababu usimamizi wote wa baadaye husimama juu ya masharti hayo: mwenye mradi hulazimika kufanyiwa ukaguzi wa mazingira, na NEMA ina uwezo wa kusimamisha au kufuta leseni yanapovunjwa. Tatizo ni kwamba wakaguzi hawakai kijijini. Ninyi ndio mnaokaa. Pelekeni maji ya visima vyenu maabara kabla lori la kwanza halijafika, mtunze vyeti vya vipimo, ili siku maji yatakapobadilika asiwepo wa kudai kwamba yalikuwa hivyo tangu zamani.

Tena, kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kulinda haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba ameshadhurika. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapo hapo Malindi, ila kwa leseni yenyewe anzeni na jopo.